Kumi Zako, Mbili Zangu

Wawira, Maitu wangu,

Nachukua fursa hii, kwa unyenyekevu mkubwa na baada ya mashauriano marefu kati yangu na mimi mwenyewe, kuutangazia ukoo wote, majirani wa Majimbo na yule mbwa wa jirani anayenibwekea kila asubuhi kana kwamba sijalipa kodi, kwamba leo mwendo wa saa nne, fundi mkuu wa dishi na antena wa nyumba hii amenunua miwani. Fremu ni nyeusi. Kioo cha kulia kina alama ya kidole ambayo muuzaji aliapa imetoka nayo kiwandani. Sherehe hakuna. Wanaotaka kucheka wapange foleni nyuma ya mama yako.

Ndiyo, ni ile miwani uliyoanza kunihubiria tangu ukiwa kidato cha tatu. Nilikuwa nakujibu kwamba macho yangu ni mazima, ila herufi za siku hizi zinachapwa ndogo ili kubana wino. Nimeivaa sasa hivi ninapokuandikia. Nimegundua kwamba meza yetu ina mikwaruzo mingi sana, na kwamba mimi ni mzee kuliko nilivyoambiwa.

Jua bado limesimama juu ya mabati ya jirani. Wewe na mama yako mko Ishiara kumuaga cucu, nyanya yako, na nadhani mtarudi jioni mkiwa na gunia la ndengu ambalo utalazimishwa kulibeba mpaka Lodwar, kama vile huko hawali. Niliwaambia sitakuja kwa sababu nina kazi. Sina kazi. Nilitaka nyumba iwe tupu, kwa sababu kuna barua ambazo mtu haziandiki huku anaulizwa kama atakunywa chai.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa Kiswahili. Kiembu changu cha kuandika ni cha kutangaza harambee kanisani. Kimeru cha mama yako kinanicheka hata kabla sijakifungua mdomoni. Kiingereza chako kinanifanya nisimame wima kama niko mbele ya chifu. Kiswahili ndicho mimi na mama yako tulikitumia kuchumbiana, na ndicho tunachotumia kugombana, kwa hivyo kimezoea mambo mazito.

Sitakuambia uchemshe maji, wala ulale ndani ya neti, wala usiweke pesa zote mfuko mmoja. Hayo mama yako amekuambia, na atarudia kesho mlangoni, na tena kwa simu kabla hujafika hata Makutano. Mimi nina mambo mengine. Mengi ni ya aibu, na yote ni yangu.

Huko uendako watu watasikia nikikuita kwa simu "Maitu" na watakuuliza mbona baba yako anakuita mama. Waambie kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba, na baba humheshimu mtoto huyo kama aliyemzaa. Ndiyo maana sikukuchapa hata siku ile ulipofungua redio yangu ukaigawa vipande kumi na tisa. Mtu hainui mkono juu ya mama yake. Weka hilo akilini, kwa sababu nitalihitaji nikifika mwisho, na halitanisaidia.

Kesho asubuhi unaenda Lodwar. Si huko ulikotaka kwenda. Ulitaka Meru, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapa, kwa akina mjomba wako, kazi ya kufunga mitambo chini ya Injinia Kinya, yule mama ambaye alikuangalia machoni pale chuoni akakuambia nafasi ni yako mara tu atakapoiona kazi yako kwa macho yake. Kazi hiyo ilipotea, na wewe unajua jinsi ilivyopotea. Yaani, unadhani unajua. Nitafika hapo. Nakufahamu, hata vitabu vya hadithi ulikuwa ukianzia ukurasa wa mwisho. Leo nakuomba usome kwa mpangilio, kwa sababu ukianzia mwisho, mwanzo hutausoma kamwe.

Nianze na Nyaga.

Nyaga unamjua kwa jina tu, na jina hilo humu ndani lina mkia: Nyaga msaliti. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni jina la ukoo wake. Tulijifunza kazi pamoja, mimi na yeye, tukashiriki ngazi moja na koleo moja, na tukapata kazi ya kuweka televisheni katika ukumbi mmoja wa burudani kule Kiambere. Siku ya pili, msimamizi akaniita. Akaniambia nifunge vitu vyangu. Nikamwuliza kosa langu ni nini. Akasema, "Mwenzako ameniambia unamenya waya kwa meno."

Nilirudishwa Embu nyuma ya pikapu pamoja na mbuzi wanne. Mmoja alikula karatasi yangu ya vipimo. Nyaga alibaki, akamaliza kazi, na kuanzia hapo akapata kazi baada ya kazi mpaka leo ana gari lenye ngazi juu. Mimi nimekaa zaidi ya miaka ishirini bila kumsalimia. Nikimwona mjini navuka barabara. Siku moja nilivuka haraka nikajikuta ndani ya saluni ya akina mama, na kwa kuwa sikutaka kutoka akiwa bado pale nje, niliketi nikaoshwa nywele ambazo, kama unavyojua, sina.

Ulikuwa ukiniuliza, "Lakini Baba, si kweli unamenya kwa meno?" Nami nilikuwa nakujibu kwamba hilo si swali. Swali, nilikuambia, ni kwa nini mtu uliyegawana naye chapati aende kukusema kwa mkubwa wakati hupo. Jino langu la mbele lililokatika kona ndilo shahidi wa kesi hiyo, na kwa bahati mbaya lilikuwa shahidi wa Nyaga.

Sasa tuje kwa paneli ya Mzee Abdala.

Unajua kwamba Mzee Abdala, mbali na bucha yake pale sokoni, ana lile jengo la nyumba kumi na mbili huku Majimbo. Alinipa kazi ya kuweka dishi moja na antena moja juu ya paa, nyaya ziteremke mpaka kwenye paneli ya chuma pale ngazini, na kila nyumba ipate konekta yake ya kuunganishia waya. Kazi nzuri, ya heshima. Wewe ulikuwa umefunga chuo ukaja kunisaidia, na siku ya kwanza tu ukanisimamisha.

"Baba, haya matundu ni duara."

"Tundu ulitaka liwe pembetatu?"

"Konekta ina upande mmoja bapa. Tundu nalo liwe na bapa, ndiyo ikae. Hizi zitazunguka."

"Zikizunguka si zitarudi palepale?"

Ulicheka, na mimi nikahesabu kicheko chako kuwa ushindi. Wewe ulikuwa unasema jambo ambalo kila fundi anapaswa kulijua. Tundu likiwa na bapa na konekta ikaingia bapa kwa bapa, mpangaji anaweza kukaza waya wake upande wa mbele atakavyo, konekta imetulia tuli. Lakini tundu likiwa duara, kila anapokaza mbele, konekta nzima inageuka nayo, na waya ulio nyuma ya paneli, ambao hakuna anayeuona, unajinyonga kidogo kidogo mpaka ule uti wake wa shaba unakatika. Picha inaanza kumeta, inakwenda vipande vipande, inakufa. Mwenye nyumba anamlaumu mpangaji, mpangaji analaumu mvua. Mimi nililaumu mvua pia.

Nilitoboa matundu yote kumi na mawili kwa drili, duara kama sahani za harusi, kwa sababu ili uache bapa ni lazima utoboe dogo kwanza kisha ulipanue kwa tupa polepole, na kwa tupa lazima uone. Mimi nilikuwa sioni. Nilikuwa napapasa. Hiyo ndiyo siri yangu ya miaka mitano, Maitu. Konekta nilikuwa nazifunga kama mtu anayetafuta swichi gizani, na kila uliposema "Baba, acha nikusaidie," nilisikia "Baba, umezeeka."

Kisha nikaenda Ishiara wiki moja kufunga antena kwenye maduka, na nikarudi, na malalamiko ya Majimbo yakawa yamekwisha. Hata moja halikuja. Miezi ikapita. Na mimi, baba yako, nikaanza kujisifu.

Unakumbuka? Nilijisifu kwenye kinyozi. Nilijisifu kwenye mkutano wa wanaume kanisani, tulipokuwa tunazungumzia mambo ya mabomba ya choo. Nilimwambia hata mpita njia aliyesimama kuuliza njia ya kwenda hospitali: "Ukifika Majimbo, tazama ile paneli ngazini. Nionyeshe nyingine Embu nzima ambayo haijawahi kulia." Na nyinyi mlikuwa mkiniangalia. Wewe ulikuwa ukiinamisha uso kwenye sahani. Mama yako alikuwa akisema, "Kunywa uji, Baba Wawira, utapoa."

Halafu ile siku ya matumbo. Nilikwenda kwa Mzee Abdala kununua nusu kilo. Alikuwa anakata huku anasema na watu watatu kwa pamoja, kama kawaida yake, na aliponiona akaweka kisu chini, jambo ambalo halifanyi hata kwa imamu.

"Fundi! Sisi wengine tumepata watoto. Wewe umezaa."

"Kwani amefanya nini?"

"Hujui? Haya, basi sasa si siri tena, amemaliza chuo. Ile paneli, fundi! Ulipokwenda Ishiara alikuja kwangu, akaniomba ruhusa kwa adabu zote, akakata bamba jipya kwa yule mchomeleaji, akakaa siku tatu na tupa, bibi huyo, tundu moja moja. Akaifungua yako yote akaweka yake. Akatuapisha. 'Mzee, Baba asijue, ataumia.' Mashallah! Na rangi akapaka ileile yako."

Wale watu watatu wakanipongeza. Mmoja alinishika mkono. Nilisimama pale na mfuko wa matumbo, ukinidondokea kwenye kiatu, na nikahisi jambo ambalo sikuwa nimelihisi tangu nikae na wale mbuzi. Mchomeleaji alijua. Mlinzi wa jengo alijua. Wapangaji walijua. Mama yako alijua, na bado alinipa uji. Miezi yote ile nilipokuwa nikipiga kifua, nilikuwa napigia kifua kazi yako, na Majimbo nzima ilikuwa imeketi inatazama bila kulipa kiingilio.

Mwanangu, kusalitiwa na adui ni kama mvua ya msimu, unaitarajia. Mimi nilikuwa nimesalitiwa na mtu ambaye jina lake ni la mama yangu. Na ulinisaliti kwa upole, hilo ndilo liliniua. Ungenitukana ningejibu. Lakini ulinihurumia kwa siri, siku tatu mfululizo, kwa tupa.

Nikiwa bado pale nje ya bucha, simu yangu ikalia. Simu hiyo tutaifikia.

Jioni ile nilirudi bila matumbo nikasema yalikuwa yamekwisha. Tukiwa mezani nikasema, "Nasikia nyumba hii ina mafundi wawili." Uso wako ukabadilika. "Baba, nilitaka kukuambia." Nikakuuliza, "Lini? Kwenye hotuba ya mazishi yangu?" Kisha nikanyamaza, na nikanyamaza vizuri sana, kwa wiki tano. Wewe unajua kukata tundu, mimi najua kununa. Kila mtu na ufundi wake. Nilikuwa nakuambia mambo kupitia kwa mama yako ukiwa umeketi palepale. "Mama Wawira, mwambie mtoto wako anipitishie chumvi." Na wewe unapitisha.

Katikati ya wiki hizo ndipo ujumbe wa Meru ukaja. Ulisimama mlangoni na simu mkononi ukasoma kwa sauti: wameamua kumchukua mtu mwingine, wanakutakia kila la heri. Ulisoma mara mbili. Ukasema, "Aliniangalia machoni, Baba. Alinipa neno lake."

Na mimi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, nikazungumza nawe moja kwa moja. Nikasema, "Watu wa Meru, mami. Neno lao ni kama veranda, zuri, lakini hulali hapo."

Mama yako akaweka mwiko chini. "Watu wa Meru? Na huo ugali ulioushika umesongwa na mtu wa wapi?"

Ukacheka huku unalia. Nikainuka nikakushika bega. Nilikupigapiga bega, Wawira, nikakuambia usiumie, dunia imejaa akina Nyaga. Ukaegemea mkono wangu. Tangu siku hiyo nimeshindwa kuutumia mkono huo bila kukumbuka.

Umemwita Injinia Kinya msaliti mara nyingi tangu hapo, na kila mara mimi nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Nafasi ya Lodwar ulipoipata, ulisema afadhali uende mbali ambako hakuna mtu aliyekuahidi kitu. Hayo si maneno ya msichana wa miaka ishirini na mbili. Hayo ni maneno yangu ya Kiambere, ya nyuma ya pikapu. Niliyasikia yakitoka kinywani mwako na nikajua nimekurithisha kitu ambacho sikukusudia kukuachia.

Jana mchana nilikuwa najaribu kufunga sanduku lako. Nilishindwa kutia ufunguo kwenye kufuli. Nilijaribu huku, nikajaribu kule, nikaanza kuilaumu kufuli kwamba imetengenezwa vibaya. Ulikuja ukauchukua ufunguo mkononi mwangu, ukaugeuza ubavu, ukaingia. Hukucheka. Ukanirudishia ufunguo kiganjani kana kwamba mimi ndiye niliyefunga. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama pale kwenye tangi la maji kwa muda, na leo asubuhi nikanunua miwani.

Kutoka kwa yule muuzaji sikuja nyumbani. Nilikwenda Majimbo, nikapanda ngazi, nikasimama mbele ya paneli, nikaitazama kwa mara ya kwanza.

Zile namba. Mimi namba saba yangu huwa naikata mstari tumboni, na tisa yangu huinama kama mlevi. Uliziiga zote. Kwa karibu, na kwa miwani, nimeona alama za penseli chini ya rangi. Ulichora, ukafuta, ukachora tena, mpaka tisa yako ikalewa kama yangu. Sijui ni saa ngapi ulitumia kujifunza kuandika vibaya.

Na konekta zako. Kumi. Nilizishika moja moja. Zimekaa kama meno ya mtoto wa sekondari. Nilikaza, nikalegeza, nikakaza. Hakuna iliyogeuka.

Kisha namba tisa na namba kumi na moja. Zinazunguka kwa kidole. Matundu yake yamechimbwa kama na kuku.

Sasa nimefika, na miwani imeanza kuingia ukungu, kwa hivyo nitaandika haraka na kwa ukweli.

Nyumba ya tisa na ya kumi na moja zilikuwa hazina wapangaji ulipobadilisha lile bamba. Uliyaacha matundu yake tayari, na bapa zake, bila konekta. Wapangaji walipokuja, Mzee Abdala alinipigia mimi, nami nikaenda peke yangu, wewe ukiwa kwenye mtihani. Konekta zikakataa kuingia. Hazikukataa, mimi ndiye sikuona bapa. Nilidhani ni drili yangu ya zamani iliyokosea. Nikachukua tupa nikaziondoa bapa zako mbili mpaka matundu yakawa duara, nikapachika, nikaondoka nikipiga mluzi. Ulipoiandika paneli ile kwenye barua yako ya kuomba kazi, hukujua kwamba mbili zilikuwa za kwangu. Ulidhani nimezipachika tu kwenye matundu uliyoyaacha.

Simu iliyolia nje ya bucha ilikuwa ya Injinia Kinya.

Alisema, kwa adabu sana, "Ni Baba Wawira? Nilikuwa napitia Embu, niko hapa mbele ya paneli. Wawira ameandika kwamba ni kazi yake, na kwamba kazi za huko nje hufanya chini yako. Kumi zimenifurahisha kwa kweli. Lakini mbili zinazunguka, na matundu yameharibiwa. Nataka tu kuelewa. Nani alifanya zipi?"

Dakika tano kabla ya hapo, watu watatu walikuwa wamenipongeza kwa kazi yako. Kiatu kilikuwa kimelowa damu ya matumbo. Hizo si sababu, nakuambia tu nilikuwa nimesimama wapi.

Nikamwambia, "Zile kumi ni zangu. Yeye alifanya hizo mbili."

Akauliza, "Kwa hivyo ameandika kazi yako kama yake?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, Wawira. Mpana. Ningesema nimekosea, ningesema mtandao ni mbaya, ningekata simu. Nilisema, "Watoto wa siku hizi, Injinia." Na nikacheka kidogo, kile kicheko cha watu wazima wawili wanaoelewana.

Akasema asante. Akasema amesikitika. Matumbo nilimpa yule mbwa wa jirani, na ndiyo siku pekee ambayo hakunibwekea.

Nyaga alinisaliti kwa kusema ukweli. Mimi nilikusaliti kwa uongo, na nikakuacha umpe mtu mwingine jina hilo, na nikakushika bega.

Leo, baada ya kuitazama paneli, niliketi kwenye ngazi nikampigia. Nilimwambia kumi ni zako na mbili ni zangu, na jinsi nilivyozichimba, na nilivyosema uongo. Hakuingilia hata mara moja. Nilipomaliza akauliza, "Mzee, kwa nini unaniambia leo?"

Nikasema, "Kwa sababu nimenunua miwani."

Hakucheka. Akaniambia nafasi imejazwa, kijana aliyechukuliwa ameshaanza kazi na hana kosa. Akasema ataandika upya kwenye faili yako, kwa mkono wake, na akaniomba nikuambie hivyo. Hakuniahidi kingine, nami sikuthubutu kuomba. Kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema utajua kabla hujaondoka. Akasema, "Basi usimwambie ukiwa unacheka." Nimejaribu. Umeona mwenyewe nilivyoshindwa mwanzoni.

Konekta zangu mbili nimezitoa. Zimo ndani ya bahasha hii, ndizo hizo zinazogongana. Pale kwenye paneli nimeacha matundu mawili wazi, na nimemwambia Mzee Abdala, mbele ya wateja wake, aliyeyaharibu ni nani na aliyekata kumi ni nani. Kesho kutwa namwita Nyaga aje ayarekebishe. Ndiyo, Nyaga. Nitamshikia ngazi.

Sikuombi unisamehe kabla ya safari, safari ni ndefu na mtu hatakiwi kubebeshwa mzigo wa baba yake juu ya ndengu. Kama utaondoka kesho bila kuniaga, nitakuwa dirishani, na sitamtuma mama yako akuambie chochote.

Lakini huyo Injinia Kinya usiende naye moyoni mpaka Lodwar kama mimi nilivyomzungusha Nyaga mjini miaka yote hii. Alikuangalia machoni na alimaanisha. Hakukuacha kwa sababu neno lake ni veranda. Alitaka kujua wewe ni mtu wa namna gani, akafanya kile ambacho mtu mwema angefanya. Alimpigia simu yule ambaye wewe mwenyewe ungechagua aulizwe.

Baba